Waya Ulioinuliwa Usilowe

Saa nne asubuhi, mvua imekatika, na Providence amepiga magoti mbele ya swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta zote za kituo hiki cha afya cha Uvira. Taa zake zote zinapepesa kwa pamoja, mbio mbio, kama watu wanaogombana bila mmoja kumsikiliza mwenzake.

Nyuma ya pazia amelala mama mjamzito aliyeletwa kwa pikipiki kutoka Runingu. Daktari aliye Bukavu anasubiri picha zake za eko, za mtoto tumboni, ili aamue: apasuliwe hapa hapa, au apandishwe gari? Picha haziendi.

“Weye Providence, rezo iko wapi?” anafoka muuguzi Amandine, akiulizia mtandao uliokwama. “Moyo ya mutoto iko nashuka!”

“Uninyamazie kidogo, dada. Ukinisemesha, minye nakosea.”

Kazi hii ya mitandao Providence aliisomea jioni, mwanawe mgongoni, baada ya kushinda sokoni akitengeneza simu. Ugonjwa huu anaujua: ujumbe unatoka tundu moja, unarudi kwa jingine, unazunguka na kuzaana hadi njia inaziba.

Anachomoa waya. Bado. Mwingine. Bado. Anavuta ule wa buluu, na taa zinatulia. Ncha zake zote mbili zilikuwa ndani ya swichi ile ile.

“Nani aliweka hii?”

Mama Apollinarie, msafishaji, anatua ndoo. “Ni minye, mwanangu. Maji iliingia jana. Nikaona kichwa ya waya iko chini, nikaitafutia tundu.”

Hakuna anayecheka. Tangu ziwa lianze kupanda, nani hapa huacha kitu sakafuni? Unga, viatu, Biblia, vyote huinuliwa.

Picha zinaondoka. Jibu linarudi: apasuliwe hapa. Daktari anabaki kwenye skrini kumwongoza mwenzake wa hapa kituoni anayepasua.

Lakini mawingu yanarudi milimani, na vyumba vingine vina nyaya zinazoning’inia; maji yakiingia tena, mtu atazichomeka popote. Providence anachomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye swichi. Anaiamuru swichi itume alama yake kupitia kila tundu. Alama ikiirudia swichi yenyewe, tundu hilo lifungwe.

“Ukitukata sasa, utamuua,” ananong’ona Amandine.

Providence anasoma kila amri mara mbili kabla ya kubonyeza. Jasho linamdondokea mkononi. Anabonyeza. Daktari kwenye skrini hakatiki.

Anangoja. Hata pumzi anaibania, mpaka kilio chembamba kinapopasua pazia.

“Mutoto mwanamuke!” Amandine anapiga vigelegele.

Jeraha likisha kushonwa, Providence anampa Mama Apollinarie waya wa buluu. “Rudisha vile ulifanya.”

“Aka! Watanifukuza!”

“Rudisha, mama.”

Mama Apollinarie anachomeka ncha zote mbili. Taa moja inazimika: tundu limejifunga. Nyingine zinaendelea taratibu, na daktari wa Bukavu bado anaonekana kwenye skrini, akijifuta uso.

Sasa Providence anataka kufika Luberizi na Kiringye, kwenye vituo ambako maji pia hayabishi hodi.

“Siwezi kuambia watu waache kuinua vitu,” anasema, akikunja kompyuta. “Maji iko inakuja. Basi swichi ndiyo ijifunze.”