Kimeng'enya Chenye Makao Mawili

Nilikataa kuandika neno moja, na nusura linitoe kazini. Neno lenyewe ni "uchafu".

Ilikuwa miaka ya tisini, katika maabara moja ndogo katikati ya mashamba ya chai huku Kericho. Mimi nilikuwa msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kusaga majani kwenye barafu, na kuzungusha tyubu kwenye mashine mpaka vyumba vya ndani ya seli vitengane. Kloroplasti, zinazonasa mwanga wa jua, tyubu yake. Mitokondria, zinazochoma sukari ili mmea upate nguvu, tyubu yake. Kisha tulipima vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za seli, vilivyomo katika kila moja.

Bosi wangu, daktari wa mimea aliyekuwa amerudi karibuni kutoka ng'ambo, alikuwa akifuatilia kimeng'enya kimoja. Alishaona kwamba jeni yake ni moja tu. Basi kwake ilikuwa jeni moja, kimeng'enya kimoja, chumba kimoja: kloroplasti. Mimi nikakipata katika tyubu zote mbili, mara tatu mfululizo.

"Hiyo ni uchafu tu," alisema. "Kloroplasti zako zimepasuka zikamwagika kwa hizo zingine. Andika hapo uchafu, uweke sahihi, tuendelee. Kila kitu iko na kwao."

Hapo alinigusa pabaya. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, na miaka ile watu walikuwa wametuchosha na swali la kwenu ni wapi. Ukisema ni hapa, wanacheka. Ukisema ni ziwani, wanakuuliza unangoja nini kurudi huko. Ningependa kusema ni sayansi iliyonifanya mkaidi siku ile, lakini ilikuwa hasira.

"Siandiki, daktari."

"Utaandika. Ama kontrakti yako ikiisha mwezi huu, usirudi hapa."

Nilijua kazi yangu ilikuwa safi. Mama yangu alichuma chai maisha yake yote, na alinichapa mkono si mara moja kwa kufinya majani kiganjani. Jani likifinywa hupata moto na kuanza kubadilika rangi kabla halijafika kiwandani. Karani wa mizani hutia mkono mpaka chini ya kikapu. Akisikia joto, unarudishiwa majani yako mbele ya watu. Kwa hiyo majani ya maabara niliyachuma mwenyewe, majani mawili machanga na chipukizi kwa kila ncha, nikayabeba kikapuni bila kuyashindilia. Wenzangu walinicheka. Daktari naye alijaza majani ya vipimo vyake kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akauacha ndani ya gari juani akaenda kunywa chai.

Nilikwenda nikauleta mfuko wake wa asubuhi ile, nikaufungua mbele yake.

"Tia mkono, daktari."

Alitia. Aliutoa upesi.

"Hii imepata moto ndiyo inapasuka ndani," nikamwambia. "Si yangu."

Aliufunga mfuko. Kisha akakunja mikono ya shati, akasema tutarudia kwa majani ya kikapu, na kila tyubu ataishika yeye. Tulisaga, tukazungusha, tukaosha. Safari hii tulipima pia kimeng'enya kingine, kinachokaa kwenye kloroplasti pekee. Kama kweli zilimwagika, hicho nacho kingeonekana kwenye mitokondria. Hakikuonekana. Chetu kilikuwemo, na kilikuwa kinafanya kazi yake.

Leo jambo hilo halimshtui mtu wa fani hii. Kimeng'enya cha namna hiyo hutengenezwa nje ya vyumba vyote viwili, kikiwa na kipande mbele kinachosomwa mlangoni. Kikishaingia, kipande hukatwa. Vipo vipande vinavyokubaliwa kwenye milango yote miwili. Wakati ule sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulikuwa na tyubu mbili na ubishi wangu.

Daktari alifungua kitabu cha maabara, akashika kalamu.

"Lakini kwao hasa ni wapi?" aliuliza. "Lazima niandike moja."

"Andika zote mbili," nilisema. "Na hakuna mahali imeenda kutembea."

Akaandika hivyo hivyo, kisha akaweka sahihi yake chini ya yangu.