Ua Linyonyalo Mti

Mwanangu, kuna siku naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na mume wangu akisikia asikasirike. Ni siku tuliyokusanyika kwa chefu wa kijiji hapa Lweba kuamua kama miti ya chemchemi ikatwe.

Aliyeitaka alikuwa mchoma makaa, mtu wa maneno matamu. Mkononi alishika ua jekundu lisilo na jani hata moja. Ua hilo huchomoza ardhini chini ya miti ile na kunyonya mizizi yake. Kwingine kote lilikwisha miti ilipokwisha. Lilibaki hapo tu.

"Munaona?" akasema. "Hii ni ndugu ya kiduha. Leo inanyonya miti, kesho itashuka mu mahindi yenu. Tukate pori, tuchome yote."

Watu wakaingiwa na hofu. Kiduha, gugu lile linalonyonya mahindi hadi yakauke, lilikuwa limetutia njaa, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nikapandwa na hasira. Miti ikikatwa, chemchemi ingekauka, tungerudi kunywa maji ya ziwa. Maji hayo ndiyo yaliyoniletea kipindupindu nyumbani, nikamzika mwanangu wa kwanza. Nikamtukana yule bwana mbele ya wazee.

Mama mkwe akanivuta kitenge. "Kaa chini, mukwe wangu. Matusi haizuiake shoka." Kisha akamgeukia mchoma makaa, kwa sauti ya chini. "Mutoto ananyonyaka mama yake. Mama anakufaka? Mulete ile maua na udongo yake, tuipande mu mahindi yangu. Mahindi ikikauka, mukate. Ikizaa, mutuachie pori."

Watu waliguna. Shamba lile ndilo lililokuwa chakula chetu chote. Chefu akakubali, na mchoma makaa naye akakubali, akicheka.

Basi tukapanda, na kijiji kizima kikawa walinzi wa shamba. Hata wavuvi walipitia kwetu kuchungulia kabla ya kushuka ziwani. Ua likanyauka, likaoza, likaisha kabisa, kwa sababu bila mti wake halina maisha. Mahindi yakanenepa. Siku ya mavuno tuliyachoma pale pale shambani, vigelegele vikafika ufukweni, na mama mkwe akampelekea yule bwana hindi la kwanza. Alilitafuna lote, kisha akauliza kama kuna lingine! Tulicheka hadi machozi. Chefu akatangaza kwamba miti ya chemchemi haiguswi.

Na haijaguswa, mwanangu. Mashoka yamekula vilima vingi kuelekea Misisi, lakini miti yetu ipo, ua linachanua, na wajukuu wangu wanakunywa maji safi. Najivunia, wala sifichi.

Basi shika hili. Kufanana si undugu. Kabla hujakiita kitu adui, chunguza kinaishi wapi na kinakula nini, maana anayetaka mali yako huanza kwa kukutisha. Na ukiwa na haki, usitukane. Weka ushahidi pale ambapo kila mtu atauona, hata kama moyo wako unatetemeka. Mungu akupe macho ya kutambua na subira ya kungoja. Akupe uzee mrefu, na siku ikifika, watoto wako wakuzike wewe, wewe usiwazike wao.