Motere Iliyofundishwa Kukataa

Baba yangu hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa shemasi kanisani, na hata samaki akiwa amelala tangu jana, alimwambia mnunuzi kwamba amelala tangu jana. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, nao ulihusu motere, mashine ya kusukumia mtumbwi. Walipokuja watu wenye bunduki kutafuta chombo cha kuvukia, leo wa kundi hili, kesho wa kundi lile, baba aliwapokea kwa heshima, akawapeleka hadi ilipo motere yake ya nguvu za farasi kumi na tano, akasema, "Iko hapa, bakubwa, lakini ilikufa. Mujaribu."

Nao walijaribu. Walivuta kamba mpaka mashati yakalowa jasho, wakaitukana motere, wakamtukana na mwenyewe, wakaondoka. Baba alisimama pembeni, kofia mkononi, uso umejaa masikitiko. Alicheka baadaye, akishafunga mlango.

Upande wetu huu wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa kutoka mji wa Baraka, kila mwenye motere alikuwa na namna yake ya kuiua na kuifufua, na hakumwambia mtu. Si mke, si mtoto, si ndugu. Haukuwa uchoyo. Baba alisema kitu usichokijua hakiwezi kutolewa kwako kwa fimbo, na sisi hatukubisha, maana tuliwajua waliotolewa vitu kwa fimbo. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nilimshikia tochi na spana tangu nikiwa na miaka minane, nikajua kufungua kabureta kabla sijajua kupika sombe ya kuliwa na wageni. Alinifundisha kila kitu cha motere ile isipokuwa hicho kimoja.

Asubuhi ninayoikumbuka nilikuwa nyumbani kwa likizo, nimeshuka kutoka Fizi ninakofundisha. Nilisikia beseni likianguka nje. Nilipotoka nilimkuta baba amekaa kwenye tope la maji ya kunawia, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala juu ya paja. Nilimwuliza kama ameteleza. Alifungua mdomo, ikatoka sauti moja tu: mmm.

Mama alisema ni tasyo, na tasyo ndiyo, shinikizo la damu, hata muuguzi wa kijijini alisema hivyo hivyo. Lakini alisema na jambo jingine, akinivuta kando ili mama asisikie. "Mumupeleke Baraka sasa hivi. Si kesho, si mchana. Kila saa inayopita inakula kitu ndani ya kichwa yake, na kile inakula hakirudie."

Sijawahi kuwa na hofu ya namna ile, hofu yenye saa ndani yake. Kwa makasia, kutoka kwetu hadi Baraka ni nusu siku, tena kama upepo wa mchana haujaamka. Kwa motere ni saa moja na kidogo. Ilikuwa siku ya soko. Mitumbwi mingine yote yenye motere ilikuwa imevuka tangu alfajiri. Pikipiki zipo, ila mtu asiyeweza kukaa hapakiwi kwenye pikipiki. Ilibaki motere ya baba.

Tuliweka godoro katika mtumbwi, tukamlaza juu yake. Mama alikuwa amemvalisha shati la ibada na kandambili zake za buluu, maana, alisema, mwanaume haendi hospitali miguu wazi kama mwizi aliyekamatwa. Baba mdogo, ndugu yake baba, mzee wa makasia ambaye hajawahi kuwa na motere wala hajawahi kuitamani, alikaa mbele. Nilifunga motere nyuma, nikaunga mpira wa mafuta, nikabonyeza ile pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, nikavuta kamba.

Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Nilivuta tena, na tena, mara kumi. Kwa kawaida motere ile haikuzidi mara tatu. Ilikuwa nzee kuliko mdogo wangu wa mwisho, kifuniko chake kimefungwa kwa waya, lakini baba aliitunza kuliko meno yake.

"Hiyo motere iko sawa na mwali," baba mdogo alisema. "Haitoke inje kama haiyabembelezwa."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilimjibu vibaya, mkubwa wangu, na mpaka leo hatujalizungumza.

Nikajiambia: tulia, wewe ni mwalimu, anza mwanzo. Nilifikiri kwanza buji, zile zinazotoa cheche, kwa sababu utotoni nilishamwona baba akizichomoa na kuzifukia ndani ya unga wa muhogo. Nilifungua kifuniko. Zote mbili zilikuwa mahali pake. Nilichomoa moja, nikaigusisha kwenye chuma, nikavuta kamba: cheche ya buluu, nzuri kabisa. Moto upo. Ila buji yenyewe ilikuwa kavu. Baada ya kuvuta kamba kote kule ilipaswa iwe imelowa mafuta na kunuka.

Basi mafuta hayafiki. Nilifurahi kama mjinga, nikidhani nimeshapata. Nilitazama kaskrubu ka kuingizia hewa kwenye kifuniko cha tangi: kamefunguliwa. Nilichomoa mpira kutoka kwenye motere, nikabonyeza pampu: mafuta yakaruka mpaka kwenye sketi yangu. Hadi pale yalikuwa yanafika. Nilifungua chujio, nikakuta safi. Nilirudisha kila kitu, nikavuta. Kimya.

Wakati huu wote baba alikuwa akiguna, mmm, mmm, na kutikisa mguu wa kushoto, ule uliokuwa bado unamtii. Alikuwa akisugua kisigino kwenye ubao mpaka kandambili ikamtoka. Mama aliiokota, akaifuta kwa kitenge, akamvalisha. "Tulia, baba," alimwambia. "Baridi itakuingia. Mungu anaona."

Jua, ambalo tulipoingia mtumbwini lilikuwa bado nyuma ya kilima, sasa lilikuwa linanichoma shingo. Nilimtazama baba nikaona kama mdomo umezidi kupinda. Labda haukuzidi. Nilikuwa nikimtazama kila baada ya kuvuta kamba kama mtu anayetazama chungu, na kila mara niliona kitu kimepungua. Nilihesabu maneno aliyokuwa anayapenda, nikawa najiuliza lipi limeliwa tayari.

"Tuombe kwanza," mama akasema.

"Mama, omba we. Mi natafuta mafuta iko inapita wapi."

"Unajibu Mungu vile?"

"Simujibu Mungu, namujibu we!"

Akaanza kulia, huku akiomba. Baba mdogo alishika kasia. "Tuende na nguvu ya mikono," alisema. "Tukifika mangaribi, tumefika." Nikamwambia asubiri kidogo. Kidogo hicho nilikirudia mara ngapi, sijui. Nikawa kati ya mambo mawili yote mabaya: tukiondoka kwa kasia tunapoteza nusu siku, tukikaa tunapoteza kila ninachokipoteza kwa kukaa. Naona aibu kusema kwamba katikati ya hofu ile niliichukia motere kwa chuki ya kweli. Niliipiga ngumi. Nina alama yake hapa kwenye kifundo cha kidole.

Baba alivua tena kandambili. Mama akamvalisha tena. Akavua mara ya tatu, safari hii kwa nguvu, akairusha kwa vidole vya mguu, ikaruka juu ya tangi ikaniangukia miguuni, kwenye maji machafu ya chini ya mtumbwi.

"Mama, umuache na kambambili yake!" nilipiga kelele, nikaiokota ili nimtupie.

Sikumtupia. Kisigino cha kandambili ile kilikuwa na matundu. Si ya kuchakaa. Yalikuwa matundu ya duara, manne, kila moja kama ncha ya kidole changu kidogo, yamekatwa vizuri kwa kitu chenye mdomo wa bomba. Matatu yalikuwa yamejaa udongo wa zamani. La nne lilikuwa jipya, na ndani yake mpira ulikuwa bado na rangi ya buluu isiyopigwa na jua.

Nikakumbuka kitu ambacho mama alinisimulia usiku nilipofika, nami sikukitilia maanani: kwamba siku mbili kabla yake watu wenye bunduki walionekana upande wa kusini, wakiuliza mitumbwi.

Nilimtazama baba. Alikuwa ameacha kuguna. Macho yake yalikuwa kwangu, kisha yakaenda kwenye motere, kisha yakarudi kwangu. Ndivyo alivyokuwa akinitazama zamani, nikishika spana isiyofaa, akisubiri nijitambue mwenyewe.

"Baba," nikasema, "iko ndani ya mupira?"

Akafumba macho mara moja, polepole, akafumbua.

Ndani ya kifuniko mna mipira miwili midogo: mmoja kabla ya pampu ya motere yenyewe, mwingine baada yake, unaoingia kwenye kabureta. Niligusa wa kwanza. Macho yalibaki wazi. Niligusa wa pili. Akafumba.

Niliuchomoa kwa meno, maana ulikuwa umebana. Nilisukuma kipande cha waya ndani yake, kikatoka kizibo cha buluu, cha duara, kimebana kama kilizaliwa mle. Kipande cha kandambili. Watu wanaokata maboya ya nyavu kutoka kwenye kandambili ni wengi. Baba yangu alikata humo uongo wake. Mama alikitazama kiganjani mwangu, kisha akatazama mguu wa mume wake aliouvalisha mara mbili, akafunika uso kwa kitenge.

Motere iliwaka kwa kamba ya pili.

Ziwa lilikuwa limeanza kupata mawimbi, na njia yote baba mdogo alimkinga kaka yake na maji kwa turubai. Baraka tulipata watu wa kumbeba. Hospitalini, daktari aliuliza tasyo ilianza saa ngapi. Nikamwambia. Akatazama saa yake, akahesabu kwa midomo, akauliza, "Mulichelewa fasi gani?"

Ningesemaje? Kwamba tulichelewa pwani ya nyumbani, ndani ya mtumbwi wenyewe, tukimvalisha mtu kandambili?

Baba hakufa. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie zaidi ya inavyostahili. Alirudi nyumbani baada ya wiki chache, anatembea kwa fimbo, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Maneno hayakurudi. Daktari alisema pengine yangerudi, pengine yasingerudi, hata kama tungewahi. Ile "pengine" ndiyo ninayolala nayo. Siwezi kumlaumu baba. Motere ile ilikataa jinsi alivyoifundisha kukataa, na kwa kukataa kwake tulikula na kusoma miaka yote ile, huku majirani wakinyang'anywa zao.

Niliomba kuhamishwa, nikapata kufundisha shule ya kwetu. Motere sasa ni kazi yangu na baba mdogo. Mwaka huu zilikuja tena habari kwamba watu wenye bunduki wanatafuta mitumbwi. Jioni ile nilitoka, nikakata kizibo kwenye kandambili yangu, nikakiweka mahali. Niliporudi nilimkuta mama anachambua mchele mlangoni, baba kwenye kiti chake. Nikakaa karibu na mama.

"Mama, nataka nikuambie kwenye nilikiweka."

"Usinambie."

"Lazima ujue."

"Mwanangu, mi niko muzee. Bakinipiga nitasema." Akaweka ungo chini, akaziba masikio kwa mikono miwili, kama mtoto.

Niliishika mikono yake nikaivuta chini. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, na tulishindana kidogo, mimi na mama yangu, mchele ukamwagika. "Useme, mama," nikamwambia. "Bakikupiga, useme. Babebe motere, baende nayo." Kisha nilimwambia mpira gani, upande gani, na waya wa kukisukumia uko wapi. Nilimlazimisha arudie. Alirudia huku analia, akakosea, akarudia tena.

Tangu hapo, kila nikisikia viatu vizito vikipita njiani, kwanza namtazama mama usoni, kuona kama siri inaonekana. Naiona. Kila mara naiona, na ile hofu ya zamani inarudi.

Lakini jioni ile, mama alipomaliza kurudia bila kukosea, nilimgeukia baba. Nilikuwa tayari akasirike. Nilikuwa nimevunja sheria yake ya maisha yote mbele ya macho yake. Alinitazama, fimbo kati ya magoti. Kisha akafumba macho mara moja, polepole, akafumbua.