Kaseti ya Masika na Kompyuta ya Jina Moja

Mimi ni Baluku, fundi wa redio hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kwetu Wakonzo, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa Baluku. Hilo mliweke akilini, maana mimi nililisahau.

Mama Masika alikimbia vita kwao Beni, upande wa Kongo, akaja na kaseti moja tu. Ndani yake mna mchezo uliotungwa na marehemu mumewe kwa kompyuta ya zamani, ile ya kibodi inayochomekwa kwenye televisheni. Kompyuta yenyewe ilibaki huko. Nikamtafutia nyingine Kasese, ya jina lilelile. Mashine tamu jamani! Imezeeka, lakini inawaka upesi kuliko simu yangu.

"Jina moja, kaseti itasoma tu," nilijigamba, nikaita na majirani waje kuona.

Kaseti ikalia kama nyenje, kisha kwenye kioo likatokea neno la kosa. Nikalaumu kaseti, nikalaumu umeme. Mama akageuza mashine: namba ya modeli haikuwa ile iliyoandikwa kwenye kaseti.

"Lakini jina si moja?" niling'ang'ania.

Mama akawageukia majirani. Aliita tu, "Baluku!"

Tukaitika watatu: mimi, muuza viazi na wa bodaboda.

"Unaona?" akasema. "Jina iko moja, lakini kila mutu iko na kichwa yake."