Ruta ya Fundi Kisigino

Nyuma ya nyumba yangu, ng'ambo ya ukuta, anaishi fundi viatu tunayemwita Kisigino. Jina hilo halimuudhi. Mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa. Utotoni alitembea akiyumba mpaka alipochoka kuchekwa, akakata soli za ndara kuukuu, akazibandika moja juu ya nyingine chini ya kiatu. Siku ile alisimama wima. Huo ndio ufundi wake mpaka leo, kuwashonea viatu watu ambao miguu yao haikulingana.

Miguu mingine humjia kwa simu. Manesi wa hospitali hupiga picha, huandika vipimo na kumtumia, naye anatakiwa ajibu mgonjwa akiwa bado amekaa pale. Shida ni chumba chake. Kimebanwa kati ya ukuta wangu na ghala la mabati, mtandao haufiki. Basi kutwa unamwona anapanda kichochoro mpaka barabarani, anasimama juani na simu kama mtu anayengoja kuitwa. Akirudi, gundi imekauka, na kazi keshapewa fundi mwingine.

Siku moja akachungulia juu ya ukuta, akaniambia, "Bibi, nimepata chumba upande wa pili wa mji. Jumamosi nahama."

"Hama," nikamwambia. "Nani amekushika shati?"

Lakini jioni ile chai niliiacha ikapoa. Nikiumwa, anayebisha hodi ni yeye. Na akishaondoka, mimi nitabishana na nani, na sufuria?

Intaneti ninayo. Mwanangu wa mwisho aliifunga kabla hajaenda kazini mbali, ili tuwe tunaonana usoni kwenye simu. Kisanduku chenyewe, wao wanakiita ruta, kiko ukutani sebuleni, kinakonyeza taa. Nikawa nimesikia kwamba kipo kingine cha kupokezana nacho. Ukikiweka dirishani kinaurusha mtandao mpaka kwa jirani. Asubuhi nikamwita Kisigino, tukaenda dukani.

Muuzaji, binti mwenye miwani, akaniuliza, "Bibi, cha nyumbani ni cha kampuni gani?"

"Cheupe. Kina taa tatu."

"Vyeupe ni vingi, bibi yangu. Ungekuja na picha ya kile kibandiko cha chini."

"Mimi nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa. Nipe kile." Nikamwonyesha kikubwa cheusi, antena zimesimama kama pembe za beberu.

Kisigino akanivuta kando. "Bibi, mwenzio anakuuliza saizi. Mtu akija kwangu kutaka kiatu cha kulia, na cha kushoto kakiacha nyumbani, namrudisha."

"Hiki si kiatu. Na wewe si unahama? Ushauri wa nini?"

Nikanunua.

Nyumbani kikawasha taa nyekundu, ikabaki nyekundu. Kisigino akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, mchana ukaisha. Mwishowe akakirudisha kwenye boksi lake taratibu.

"Hivi havijuani," akasema. "Umejitahidi, bibi."

Akaenda kufunga kalibu zake magunia, zile mbao za umbo la mguu anazoshonea. Hakunicheka. Angenicheka, ningejua bado yupo.

Ijumaa nikapanda kigoda, nikakichomoa kisanduku cha mwanangu, ambacho nilikuwa nimeapa hakitaguswa na mtu. Nikavifunga vyote viwili kwenye shuka, nikaenda navyo dukani peke yangu.

"Hivi havielewani," nikamwambia yule binti. "Nitafutie kinachoelewana na hiki cheupe."

Akakigeuza, akasoma kibandiko. Akanieleza kwamba kile cheusi hushikana na ndugu zake wa kampuni moja tu, na changu si cha ukoo huo. Tena changu ni cha zamani, kinatumia mawimbi ya aina moja, kwa hiyo mwenziwe lazima awe anayasikia mawimbi hayohayo. Akaniletea kidogo, kibaya, hakina pembe hata moja, kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

"Hiki?"

"Ndicho, bibi."

"Viunge hapahapa. Siondoki mpaka nione."

"Bibi, kuna wateja nyuma yako."

"Nimewaona. Wana miguu mizima, watasimama."

Akaviunga. Taa ya kile kidogo ikawa nyekundu, ikafikiri, ikageuka kijani. Cheusi akakubali nikirudishe, kwa kuwa hakikuwa na hata mkwaruzo.

Jioni nikakirudisha cheupe ukutani, kile kidogo nikakitundika kwenye dirisha la jikoni linalotazama kwa Kisigino, kisha nikazunguka kwenda kwake. Magunia yalikuwa yamepangwa mlangoni.

"Lete simu," nikamwambia.

"Neno la siri ni lipi?"

"Nimesema lete simu. Na utazame huko ukutani."

Akageuka. Nikaliandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.

"Bibi, patakucha."

"Ungekuwa na haraka ungehama jana."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote nyayo za mtoto juu ya karatasi. Chini yake nesi kaandika maneno mawili, nikayasoma bila msaada wa mtu: Fundi, upo?

"Anauliza kama upo," nikamwambia.

Kisigino akaipokea, akaitazama. Kisha akapiga magoti mlangoni, akafungua gunia la kwanza, akaanza kutafuta kalibu ndogo.