Siku Vitabu Vyangu Vilipofutika Liboi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya ukame karibu na mji mdogo wa Hadado, nilipokuwa msichana wa shule. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo, na sanduku langu la bati lilikuwa limejaa vitabu. Vingine vilikuwa vya masomo, vingine aliniachia mwalimu wangu alipohamishwa kurudi kwao. Siku hiyo tulikuwa tunahama. Visima vilikuwa vimekauka, mbuzi wamekonda mpaka mbavu zinahesabika, na ngamia waliobaki na nguvu ya kubeba mizigo walikuwa wachache. Kila kitu kilichopakiwa kilikuwa kimefikiriwa kwanza.

Baba alilitazama lile sanduku akasema, "Hili libaki kwa mwenye duka pale senta. Ni mtu mwaminifu, atalitunza."

Msichana hakuwa akibishana na baba yake kuhusu mizigo. Lakini ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa amesimama pembeni akifunga kamba, naye alisikia. Alikuja akachuchumaa, akafungua sanduku, akatoa kitabu kimoja. Ayeeyo hakujua kusoma hata herufi moja. Alikishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga.

"Hivi vinaongea?" akaniuliza.

"Vinaongea, ayeeyo, ukijua kuvisoma."

"Nisomee."

Nikafungua popote, nikasoma kwa Kiswahili na kumwelezea kwa Kisomali. Ilikuwa habari ya mto mkubwa unaopita katikati ya jangwa na watu wanaolima kandokando yake. Alisikiliza mpaka mwisho, huku watu wanamngoja. Kisha akamgeukia baba. "Mwenye duka ni mtu mwema, sina ubaya naye. Lakini akihama? Akifa, na mwanawe asitujue? Mali ya mtoto tutaidai kwa nani?"

Halafu, mwanangu, akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka. Akamwendea ngamia wake, akafungua mikeka ya kufunikia nyumba yake mwenyewe, ile aliyoisuka kwa mikono yake misimu mingi, akaiweka chini. Mahali pake akalifunga sanduku langu. Msimu ule wote ayeeyo alilala katika nyumba iliyofunikwa nusu, upepo ukiingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Mtu ambaye vitabu vilikuwa vimefungwa kwake alitoa paa lake ili vitabu visibaki nyuma.

Nilidhani nimemwelewa siku ile. Nilikuja kumwelewa vizuri nikiwa mzee, hapa Garissa, kwa sababu ya kitu ambacho yeye hakukiota wala kukisikia.

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi katika mji huu. Karibu na kustaafu, ugonjwa wa sukari ukanishika macho. Ulianza taratibu. Herufi za kitabu zilianza kutembea kama sisimizi, kisha zikawa ukungu. Nilijaribu miwani, nilijaribu kukaa nje kwenye mwanga mkali, nilijaribu kioo cha kukuzia. Mwisho nikaacha. Vitabu vyangu vikabaki kwenye rafu, nami nikawa navipangusa vumbi tu. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa na msiba.

Kijana wangu wa kumzaa, Yusuf, anayefanya kazi Nairobi, aliutambua bila kuambiwa. Siku moja alikuja na kifaa chembamba cha kusomea vitabu, hakizidi ukubwa wa daftari la shule. Akanikalisha, akafungua kitabu ndani yake, akagusa kioo. Herufi zikakua. Akagusa tena, zikakua zaidi, mpaka zikawa kubwa kama zile nilizokuwa nikiandika ubaoni. Nikasoma sentensi moja. Nikasoma ukurasa. Nikarudi mwanzo nikausoma tena ukurasa uleule, hata Yusuf akaniuliza kama sijakipenda. Nilikuwa nimeshakubali kwamba mlango ule umefungwa, na sasa ulikuwa wazi mbele yangu, na upande wa pili kulikuwa na kila kitu nilichokipenda.

Basi nikawa mnunuzi. Kifaa kile kilikuwa cha duka moja kubwa sana la ng'ambo, na vitabu vyake vilinunuliwa humo humo. Sitalitaja jina, maana nia yangu si kulisema vibaya. Nilinunua historia, hadithi, tafsiri za dini, hata kitabu cha magonjwa ya ngamia. Kila nilipopata kidogo, niliongeza kitabu, nacho kilifika papo hapo, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wangu. Miaka ikapita, na maktaba yangu ndani ya kile kifaa ikaishinda ile ya shule niliyofundisha.

Kisha nikaenda Liboi kumtembelea dada yangu Deqa, ambaye ana duka la nguo pale. Wajua Liboi iko mpakani, na simu ikifika pale mara nyingine hunasa mtandao wa upande wa pili. Nilipofungua kifaa changu kikaniambia niingie upya. Nikaandika neno langu la siri, nikitumia ule ule mtandao wa simu. Kwenye kioo yakatokea maneno kwamba akaunti imefungwa kwa usalama, kwa kuwa kuna mtu anajaribu kuifungua kutoka nchi nyingine. Nikiwa natazama hivyo, vitabu vikaanza kutoweka. Kimoja baada ya kingine, majalada yakageuka kijivu, na nilipogusa hapakufunguka kitu.

Deqa aliniona uso. "Hiyo kitu yako imekufa?"

"Haijakufa. Inasema mimi si mimi."

"Waonyeshe kitambulisho," akasema. "Mimi hapa naonyesha kila siku, na wananijua."

"Nimwonyeshe nani, Deqa? Hakuna mtu."

Ndipo nikahisi baridi katikati ya joto lile la Liboi. Duka lile la ng'ambo lilikuwa na watu wangapi sijui, lakini kwangu mimi halikuwa na uso hata mmoja. Hapakuwa na mlango wa kubisha.

Nilirudi Garissa nikiwa kipofu mara ya pili. Nikamwita Hodan, binti wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kompyuta katika ofisi moja hapa mjini. Ni msichana asiye na maneno mengi. Alianza kuwaandikia wenye duka la vitabu barua pepe. Majibu yalikuja upesi, lakini yalikuwa ya mashine, yaleyale kila mara, yakitushukuru kwa subira yetu. Hodan hakuchoka. Jioni moja, tukisubiri, akaamua kuyasoma yale masharti marefu ambayo mimi niliyakubali kwa kugusa kioo siku ya kwanza.

"Eeddo," akaniita, kama tunavyomwita shangazi, "hapa wanasema hukununua vitabu."

"Nilinunua nini?"

"Ruhusa ya kuvisoma. Na wanaweza kuiondoa."

Nilimwomba arudie. Nimefundisha lugha maisha yangu yote, najua tofauti ya kununua na kuazima, na mwanafunzi aliyeyachanganya maneno hayo nilimsahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini neno lile lilikuwa limenipita. Hapo nikamkumbuka ayeeyo akiuliza, "Mali ya mtoto tutaidai kwa nani?" Mwanamke asiyejua kusoma aliyaona masharti yale kabla hayajaandikwa.

Baada ya wiki kadhaa, alhamdulillahi, akatujibu binadamu. Alijitambulisha kwa jina, akaomba radhi, akaifungua akaunti. Majalada yakarudi na rangi zake. Nilifurahi mno, na nakwambia ukweli, ningeishia hapo. Ningerudi kusoma na kusahau.

Hodan ndiye aliyenizuia. "Eeddo, sasa ndiyo wakati wa kuhama. Mlango ukiwa wazi."

Kwetu sisi, neno kuhama si neno dogo. Nikakaa sawasawa.

Tulikuwa tukikaa barazani kwangu kila baada ya sala ya alasiri, yeye na kompyuta, mimi na birika la chai. Alinionyesha kwamba baadhi ya vitabu wachapishaji wake hawakutaka vitiwe kufuli. Hivyo duka lilikuruhusu kupakua faili yenyewe, ikawa yako kabisa, uifungue kwa kifaa chochote. Tukaanza na hivyo. Kila kimoja kilipoingia kwenye kompyuta, Hodan alisoma jina lake kwa sauti, nami nikaitikia kama mwalimu anayesikia wanafunzi wakijibu mahudhurio.

Vilivyobaki vilikuwa na kufuli. Hodan akaniambia ziko programu za kuvunja. Nilifikiri, kisha nikakataa. Sheria yake siijui vizuri, na sikutaka kutoka kwenye nyumba ya mtu nimevunja mlango, hata kama ndani mna vitu vyangu. "Tuwaandikie wenyewe," nikasema. "Walioviandika na waliovichapisha."

Hodan alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee anayetaka kumpigia simu rais. Lakini aliandika. Tulieleza kila kitu: kwamba kitabu nilikinunua, uthibitisho huu hapa, macho yangu hali yake ni hii, naomba nakala nitakayoweza kuikuza. Wengine hawakujibu mpaka leo. Wengine walisema haiwezekani. Lakini wako waliotuma faili, pamoja na salamu. Mmoja alikuwa mzee wa pwani aliyeandika kitabu cha hadithi nilichokipenda kuliko vyote. Alijibu mwenyewe. "Mwalimu," aliandika, "nilidhani kitabu hiki kimeshasahauliwa na kila mtu. Kipokee. Zikuze herufi utakavyo, ziwe kubwa kama nyumba, mimi nitafurahi."

Miaka yote nilikuwa nikinunua kutoka kwa kitu kisicho na uso, kumbe nyuma yake alikuwako mtu, mzima, mzee kama mimi, akijiuliza kama kuna anayemsoma. Subhanallah. Barua moja ilitutosha kukutana.

Si vyote tulivyoviokoa. Viko ambavyo bado viko kule, nami navisoma nikijua ni vya kuazima. Vichache nilivinunua tena kwa wauzaji wadogo wanaokupa faili yako mkononi. Kingine Yusuf alinitafutia cha karatasi, na Hodan hunisomea anapopata nafasi.

Siku tuliyomaliza, Hodan alichukua flashi ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, akanakili kila kitu ndani yake, akaiweka kwenye kiganja changu. "Ndiyo hiyo, eeddo." Nilikunja vidole juu yake. Haikuwa na uzito wowote. Nikawaza juu ya watu waliobeba vitabu migongoni mwa wanyama, na watu walioshika mashairi yote ya ukoo kichwani kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuyaweka, na mimi, mwanamke mzee wa Garissa, nimeketi na hekima ya watu wengi hivi ndani ya ngumi. Nililia kidogo. Hodan akajifanya anamimina chai.

Baadaye nilirudi Liboi. Njiani kwenye ukaguzi, askari kijana alipekua mkoba wangu, akaitoa ile flashi, akaniuliza ni kitu gani.

"Ni maktaba," nikamwambia.

"Maktaba nzima?"

"Nzima. Na nyingine kama hii iko kwa mwanangu Nairobi."

Aliigeuzageuza kwenye mwanga, akanirudishia kwa mikono miwili. Na kule kwa Deqa, simu ikanasa mtandao wa upande wa pili wa mpaka kama kawaida yake, nami nikafungua kitabu cha yule mzee wa pwani kwenye tableti ya kawaida. Kikafunguka. Nikamsomea Deqa kwa sauti, na wateja wake wawili wakasahau nguo walizokuja kununua, wakakaa chini kusikiliza.

Basi nikwambie, mwanangu, maana wewe vitu vyako vingi viko hewani kuliko vyangu. Kutumia duka kubwa si dhambi. Mimi lilinirudishia kusoma. Ila kabla hujatoa pesa yako, uliza utapewa kitu chenyewe au ruhusa tu, na ukubali ukijua. Ukipata cha kupakua, kipakue siku hiyo hiyo, uweke nakala mahali pawili, na moja iwe mbali na nyumba yako. Ukitaka kuhama, usihame kwa hasira. Toa vyako kwanza, hakikisha vinafunguka mahali papya, ndipo uage. Usivigawe ovyo kwa watu, maana mwandishi naye anakula kwa jasho lake. Na ukikuta umefungiwa, mtafute binadamu aliye nyuma ya kitu hicho umwandikie kwa adabu. Yuko. Huenda naye anakungoja.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie nuru ya macho yako, na ikipungua akupe mtu wa kukukuzia herufi. Akupe elimu usiyoweza kunyang'anywa, akupe na moyo wa kuwasomea wengine. Nenda salama, mwanangu. Amin.