Santuri Yenye Kwikwi

Santuri zangu zimekula ukuta mzima wa sebule yetu hapa Kisangani, na mke wangu hajawahi kuzisamehe. Ukiniuliza raha yake nitakueleza mpaka chai ipoe: kupangusa vumbi kwa kitambaa laini, kuteremsha sindano ya gramafoni taratibu, kisha ule mchakacho mdogo kabla gitaa halijaingia. Simu inakupa wimbo kama muuza duka anayekurushia chenji bila kukutazama.

Niipendayo kuliko zote ni ya marehemu baba mkwe. Alikuja nayo kwa mashua kutoka Basoko, ikakwaruzwa njiani na gunia la samaki wakavu. Gitaa linapokolea, sindano inakwama, inarudia palepale, kisha inaruka mbele. Mwenyewe hakununa. Penye kwikwi hiyo alikuwa akimzungusha mkewe, na ukoo mzima ukajifunza kucheza hivyo.

Mwaka huu, siku ya komunyo ya kwanza ya binti yetu, mke wangu akatoa hukumu.

"Papa, leo tunacheza na simu ya ndugu yangu. Watu wakicheza muzuri, bon, mashini yako inaenda mu depot. Pale mi naweka frigo."

Nikakubali kwa upole ambao ungemtia shaka mtu yeyote. Niliomba kitu kimoja tu: wimbo wa kwanza uwe ule wa baba yake.

Shemeji akaupata kwenye simu, safi, hauna hata mkwaruzo. Watu wakajaa uani. Nikajikalia na sahani yangu ya pondu, kisamvu cha kwetu, nikingoja. Kufika pale penye kwikwi, ukoo mzima ukazunguka, wimbo ukaenda zake. Shangazi akamkanyaga katekista, katekista akaangukia meza ya vinywaji. Nilicheka hadi pondu ikanipalia.

Kisha nikamwona mama mkwe. Alisimama katikati, mkono juu, akingoja kuzungushwa.

"Juu ya nini mulikata wimbo?" akauliza. "Pale papa alikuwaga ananizungusha, muliipeleka wapi?"

Kicheko kikaniishia. Nilikuwa nimetega mtego kwa ajili ya friji, nikamnasa mjane. Wala nisingeweza kwenda kumshika mkono. Mkwe hachezi na mama mkwe.

Mke wangu akazima simu ya ndugu yake, akaninyang'anya sahani.

"Alors, unangoja nini? Weka ile ya papa."

Nikateremsha sindano. Ilipokwama, mke wangu aliushika ule mkono, akamzungusha mama yake mpaka iliporuka.